Nisomee Nyumba

Baba alikataa kushuka kwenye lori mpaka kwanza nimwambie mji umekuwaje.

"Nisomee," akasema, vidole vyake vimenibana mkono.

"Mweupe, baba. Kila kitu cheupe. Nyumba zimepandana, moja juu ya mgongo wa mwenzake, na hakuna hata mti mmoja wa kivuli."

"Na watu?"

"Watu siwaoni. Wamekimbia jua."

"Wana akili. Haya, nishushe."

Nisomee lilikuwa neno lake. Tangu macho yake yalipoingia ukungu, miaka minne nyuma, mimi ndiye niliyekuwa macho ya Mzee Likwata wa Kitomanga. Yeye hakuwahi kushika kitabu, mimi nilifika darasa la nne, na kwake kila kitu kikawa cha kusomwa: nisomee mbingu, nisomee mihogo imefikia wapi, nisomee uso wa mgeni huyu anacheka kweli au anacheka meno tu. Sikuchoka. Niseme ukweli, nilichoka mara nyingi, lakini sikumwambia.

Mwaka huo wa hamsini na moja Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa amewaita wazee kumi na wawili kutoka kwetu waje Lindi wauone mji mpya. Alitaka watembezwe kutwa nzima, waonyeshwe majengo ya zege, kisha warudi wakawasimulie wenzao. Mimi sikualikwa. Nilikwenda kwa sababu baba haendi popote bila mimi.

Na wa kuwatembeza alikuwa Yunusu, mmoja wa mafundi.

Nilimwona kabla hajaniona. Alisimama mbele ya posta mpya, kanzu safi, kofia imekaa upande, na mikono ile ile iliyochanikachanika kwa saruji. Moyo wangu ukaanza vituko vyake. Nikamwambia utulie, haukunisikia. Kisha macho yake yakanipata, yakanigusa tu na kuhama, maana wazee wote walikuwa pale, na mimi nikatazama miguu yangu utadhani nimedondosha sindano.

"Shikamoo, mtani," akamwambia baba.

"Marahaba. Kumbe bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie, mzee. Mkubwa hupewa heshima yake."

Wazee wakacheka. Ndivyo ilivyo. Watu wa Yunusu, wa Kiranjeranje, ni watani wetu tangu enzi za mababu, na si watani wa mdomoni tu, ni watani wa kuzikana. Akifa mtu kwetu, wao ndio huja kuchimba kaburi, na wao ndio hufanya vichekesho mbele ya maiti mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mtani akikutukana hukasiriki. Mtani akichukua kitu chako, kuku, shuka, hata kiti ulichokalia, humdai.

Na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Bibi yangu alipofariki, Yunusu alikuja na wenzake kuchimba. Alitoka kaburini udongo umemjaa mabegani, akasimama mbele ya watu wote, akasema, "Mzee Likwata, kazi nimemaliza. Ujira wangu nipe Mwanaima."

Baba akajibu palepale. "Mchukue. Lakini binti yangu halali kwenye udongo. Mjengee nyumba ya zege, kama hizo unazowajengea Wazungu, kisha uje."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yunusu hakucheka. Alinitazama, na mimi, Mungu anisamehe, siku ya maziko ya bibi yangu, nilimtazama vilevile.

Baada ya hapo barua zake zilikuwa zinanifikia kwa mkono wa dereva wa lori. Hazikuwa na habari za moyo wala maua. "Msingi umekauka." Baada ya mwezi: "Ukuta umefika kwenye madirisha." Kisha: "Bati limekwisha pigwa." Nilizisoma mpaka karatasi zikalainika. Hakuna mwanamke aliyeandikiwa mapenzi kama niliyoandikiwa mimi.

Sasa sikia lililonipata jana yake, nikifunga furushi la safari. Mama akaingia chumbani, akasimama kama mtu aliyetumwa.

"Ukifika Lindi usimtazametazame yule mtani. Baba yako amepokea posa ya Abdurahmani."

"Abdurahmani yupi, mama?"

"Huyu jirani. Utakuwa nyumba ya pili tu. Baba yako akiita, unasikia."

"Lakini baba alimwambia Yunusu ajenge nyumba."

Mama alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kofi. "Mwanangu, ule ulikuwa utani. Wewe na yeye ndio watu wawili pekee siku ile mliosikia kitu kingine."

Kwa hiyo nilikuja Lindi na mzigo mmoja tu wa maana: nimwambie Yunusu kabla hajafungua mdomo mbele ya wazee. Na baba alikuwa amenishika mkono, na hakuonekana kuwa na haja ya kuniachia.

Tulianzia posta. Yunusu alieleza nguzo, alieleza linta, alieleza jinsi nondo zinavyofungwa kabla zege halijamwagwa. Wazee walitikisa vichwa. Mzee Klementi, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote, aliuliza kama nyumba hii haichemki mchana. Jua lilikuwa kali na upepo haukuwepo kabisa. Bahari nyuma ya majengo ilikuwa imetulia hivi, rangi ya bati, na kunguru walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa paa wote kwa pamoja, kimya. Sikuupenda ule ukimya.

"Mtani anasemaje kuhusu nyumba ya mwisho?" baba akaniuliza ghafla.

"Nyumba gani, baba?"

"Nimemsikia akimwambia Klementi kwamba nyumba ya mwisho ni siri. Nisomee uso wake."

Nikamtazama Yunusu. Uso ulikuwa unang'aa kwa furaha isiyofichika, ya mtoto anayejua kilichofichwa nyuma ya mgongo wake mwenyewe.

"Amechoka," nikasema. "Jua limempiga."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsomea baba uongo. Vidole vyake vikakaza kidogo.

Jengo la pili lilikuwa la Mhindi mmoja, maduka chini na makazi juu, roshani imezunguka mbele, na juu kabisa paa la zege la bapa ambalo watu wanaweza kusimama. Wazee walitaka kupanda. Baba akasema magoti yake hayapandi mbinguni kabla ya wakati, akakalishwa kivulini na Mzee Klementi.

"Nenda ukaone," akaniambia. "Kisha uje unisomee. Usichelewe."

Nilipanda zile ngazi nusu nakimbia. Juu, wazee walikuwa wamesogea upande wa bahari wakibishana kama kile kinachoonekana ng'ambo ni kisiwa au ni wingu. Yunusu alikuwa nyuma yao.

"Mwanaima."

"Usiseme kitu. Nisikilize. Baba alikuwa anatania."

"Lini?"

"Siku ya maziko. Alikutania. Amekwisha pokea posa ya mtu mwingine."

Nilidhani uso utamwanguka. Haukuanguka. Alicheka kidogo, akavuta kofia yake mbele.

"Mbele ya jeneza la mama yake mzazi, Mwanaima? Nani anatania mbele ya jeneza?"

"Nyie ndio mnaotania mbele ya jeneza, Yunusu. Ndiyo kazi yenu."

"Mimi ndiyo, natania. Yeye alikuwa mfiwa. Neno la mfiwa si la kuchezea." Akanisogelea hatua moja, sauti ikashuka. "Miezi saba nimejenga. Natoka kazini kwa watu jioni, naingia kazini kwangu. Kila tofali nimelishika mimi. Unataka nimwambie nini? Kwamba nilidhani?"

"Nataka usiseme chochote. Waonyeshe nyumba, waambie ni ya mtu fulani, tuondoke. Nitaongea na mama, polepole. Atalainika."

"Halafu uolewe wakati analainika."

Alinitazama, na nikataka kumshika ile mikono mibaya niipake mafuta, hapo hapo juu ya paa la Mhindi, wazee wageuke wasigeuke. Namna nilivyompenda yule mwanamume ilikuwa inanitia hasira.

"Akiigusa atakubali," akasema. "Yeye haoni, lakini anajua ukuta. Ngoja aiguse tu."

"Yunusu, naogopa."

"Unaogopa nini? Ni nyumba."

Niliposhuka, baba alikuwa amesimama tayari, mkono umenyooshwa mahali alipodhani nitatokea.

"Umechelewa," akasema.

"Ngazi nyingi, baba."

"Nisomee juu."

Nikamsomea bahari, roshani, mabati ya mji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hujasema mtani alikuwa amesimama wapi."

"Nyuma ya wazee."

"Aa," akasema.

Jengo la tatu lilikuwa halijakwisha. Ofisi, sijui ya nani, ghorofa moja, majukwaa ya boriti bado yamelizunguka. Yunusu akawa anasifu upana wa ukumbi, na baba akaanza kutembeza kiganja ukutani. Watu wengi hawakujua kwamba ujanani mwake baba alichoma chokaa Kilwa Kivinje, na kwamba kabla ya korosho na kabla ya ukungu, ukuta ndio uliokuwa shule yake. Alitembea, alitembea, akasimama.

"Hapa pana ufa."

Wazee wakaja wakakodoa. Hakuna aliyeona kitu.

"Ni lipu tu, mzee," Yunusu akasema.

"Lipu haipitishi hewa. Mwanaima, leta mkono." Akanishika kidole akakiweka. Kweli, kulikuwa na uzi mwembamba wa hewa, baridi kwenye jua lile. "Mchanga mlitoa wapi?"

Yunusu akakohoa. "Pwani."

"Umelalia mvua ngapi kabla ya kutumiwa?"

"Haujalala hata moja. Mwenye tenda hakutaka kungoja. Nilimwambia chumvi itakula nondo, akasema saruji ya kizungu haijui chumvi."

"Na wewe ukajenga."

"Niliamriwa, mzee."

"Basi siku yakija maji na upepo wa kweli, uwe mbali na hapa," baba akasema. Aliinama akaweka sikio ukutani, akakaa hivyo kwa muda mrefu mpaka Mzee Klementi akaacha kuongea mwenyewe. Kisha akajinyoosha. "Kitu kikianza kwa pupa hakifai kukaliwa. Twende tukaone hiyo siri yako, mtani."

Njia nzima ya kwenda Mikumbi, pembeni mwa mji, nilikuwa naomba lori liharibike. Halikuharibika.

Nyumba ilikuwa peke yake mwisho wa kichochoro. Ndogo. Vyumba viwili na ukumbi, baraza mbele, madirisha ya vioo yaliyopakwa rangi ya kijani pembeni, bati jipya linaumiza macho. Sikuwahi kuiona, lakini niliijua. Nilijua msingi ulikauka lini.

Yunusu akasimama mbele ya mlango na akasahau maneno ya mwongozaji. Akavua kofia.

"Mzee Likwata," akasema, "ulisema nimjengee nyumba ya zege, kisha nije. Sikuweza kuileta Kitomanga, ndiyo maana nimekuleta wewe. Hii hapa."

Mzee Klementi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. "Wallahi mtani kajenga," mmoja akasema, anajipiga paja. "Kaambiwa kwa utani, kajenga kweli."

Baba hakucheka. "Nisomee, Mwanaima."

Ningeweza kumsomea uongo wa pili. Ningesema kibanda tu, baba, kimepinda, hakina maana. Alikuwa ananipa nafasi, nadhani. Nikafungua mdomo.

"Ni nzuri, baba. Ina baraza la kukaa watu wanne. Madirisha yake ni mapana, ukisimama ndani unaona mpaka barabarani. Pembe zake zimenyooka. Ni nzuri kuliko zote ulizoonyeshwa leo."

Sauti yangu ilinisaliti mwanzo hadi mwisho. Hata kiziwi angejua.

Baba akasogea. Kiganja kikapanda ukutani, kikashuka, kikazunguka dirisha. Vidole vilitafuta ufa kila mahali na havikuupata. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona mtu akilifanya, si kabla wala baada. Akainamisha kichwa, akagusisha ncha ya ulimi kwenye ukuta.

"Hauna chumvi," akasema.

"Mchanga niliuosha kwa maji ya kisima," Yunusu akajibu. "Ndoo kwa ndoo. Kila rundo nililionja kwa ulimi kwanza. Likiwa na chumvi narudia."

Niliona uso wa baba ukibadilika, na kwa nukta moja nilitumaini. Alikuwa anajua sasa. Aliyekuwa haoni ndiye pekee kati yao aliyeona kwamba huyu mwanamume hakuwa anatania hata siku moja.

"Mtani," akasema taratibu, "umejenga vizuri. Lakini mimi nilikuwa natania. Ulimi wangu siku ile ulikuwa wa msibani. Binti nimekwisha mtolea neno, anakwenda nyumba ya pili kutoka kwangu. Mimi ni kipofu, Yunusu. Ukimleta huku, mimi nitasomewa na nani?"

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo, halikuwa la wazee. Yunusu akabaki na kofia mkononi. Na wazee walianza kusogea kuelekea kwenye lori, jambo limekwisha, kichekesho kizuri cha kwenda kusimulia.

"Twende," baba akaniambia.

Nikatazama mkono wake ulionishika, mishipa yake, kucha nilizomkata mimi mwenyewe siku tatu nyuma. Nikamtazama Yunusu. Nikajua kwamba nikipanda lile lori nitakuwa nimeolewa kabla ya msimu wa korosho, na nitasoma mihogo mpaka nizeeke, na barua zile nitazichoma jikoni. Nilimpenda baba. Nataka ijulikane hivyo, maana baadaye yalisemwa mengi. Nilimpenda, na nikautoa mkono wangu kwenye mkono wake.

Nikavuka kizingiti, nikaingia, nikakaa sakafuni katikati ya ukumbi mtupu.

"Mtani Yunusu," nikasema kwa nguvu wazee wote wasikie, "nyumba hii nimeichukua. Na mimi ni mtani wako. Nimechukua, na sidaiwi."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika labda mpaka boma. Mzee Klementi alishika nguzo ya baraza asianguke. "Kachukua! Mzee Likwata, utani huo. Huna la kusema."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake bado umenyooka hewani, vidole vimekunjwa vilevile vilivyokuwa vimenishika. Ulikaa hivyo. Kisha ukashuka taratibu. Na yeye akacheka, mara ya kwanza siku nzima, kicheko kikavu cha kooni.

"Umenishinda, mtani," akamwambia Yunusu. "Siku yangu ikifika, uje unichimbie kaburi, kama ulivyomchimbia mama yangu."

Yunusu aliruka kwa furaha. "Nitachimba, mzee! Tena la zege."

"La udongo linatosha. Uje peke yako. Huyo uliyemchukua umwache hukuhuku, aendelee kusoma nyumba."

Wazee wakaangua kicheko tena, na Yunusu akacheka kuwashinda wote, machozi yanamtiririka, anawapa mikono mmoja baada ya mwingine. Mimi nilibaki sakafuni. Ule utani ulikuwa wa baba na Yunusu. Mzazi hataniani na mwanawe, na kwa miaka kumi na tisa baba yangu hakuwa amenitania hata mara moja; aliponikataza kwenda kumzika, alikuwa anasema kweli.

Mzee Klementi alitaka kumshika baba mkono, baba akakataa. Alikwenda mwenyewe, kiganja kinafuata ukuta wa nyumba yangu, hatua kwa hatua, mpaka ukuta ukaisha. Pale pembeni akasimama, hajui mguu auweke wapi.

Yunusu aliingia ndani akapiga magoti mbele yangu, uso wote unacheka.

"Umeona? Nilikwambia akiigusa atakubali. Umemsikia mzee alivyocheka?"

Nje lori liliwashwa.

"Nimemsikia," nikasema.